Kirusi cha Kondoo Kilichobeba Jeni ya Sotoka

Kuna chanjo moja ninayoifikiria kuliko zote nilizowahi kuchoma, na sijawahi kuishika mkononi. Ilitengenezwa Pirbright, Uingereza, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1993. Mwili wake lakini ulitoka Kenya: kirusi cha ndui kilichochukuliwa kwa kondoo na kupewa jina la KS-1. Ndani ya kirusi hicho wataalamu walipachika jeni moja ya kirusi cha sotoka, ugonjwa uliowahi kumaliza ng'ombe wa Afrika. Ng'ombe akichomwa sindano hiyo moja, anakingwa sotoka na anakingwa pia ugonjwa wa mapele ngozi, ambao kirusi chake ni ndugu wa kile cha ndui ya kondoo. Baadaye ikapelekwa kituo cha utafiti cha Muguga, nje kidogo ya Nairobi, ikajaribiwa kwa ng'ombe wetu wa Afrika. Ikafanya kazi. Na haikuwahi kufika bomani.

Mimi ni afisa mifugo, kazi yangu nimeifanya kaskazini mwa Tanzania, kwa wafugaji. Naandika haya kwa sababu kila panapotajwa virusi vilivyochezewa jeni, mazungumzo yanaishia kwenye hofu, au kwenye sifa zisizo na maelezo. Katikati hapo kuna habari ya kweli inayotuhusu sisi, na inawahusu mbuzi wanaokufa mwaka huu.

Sotoka yenyewe vijana hawaijui, na ni heri hivyo. Ng'ombe alianza na homa, machozi yakimtiririka, kamasi puani, kisha fizi zikachubuka na kuwa vidonda, mate yakawa yananuka. Baada ya hapo kuhara. Alihara mpaka akaisha maji mwilini, na ndani ya siku chache umelaza ngozi tupu. Ugonjwa uliingia Pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880 pamoja na ng'ombe walioletwa kwa ajili ya jeshi la Waitaliano, ukashuka kusini kama ulivyo, ukavuka mto Zambezi mwaka 1896. Sehemu nyingine walikufa ng'ombe tisa katika kila kumi. Nyati wakafa, nyumbu wakafa. Wamaasai miaka ile wanaiita Emutai, maangamizi, kwa kuwa ndui ya binadamu na homa ya mapafu ya ng'ombe zilipiga wakati huo huo na watu wakafa njaa kwenye nchi yenye majani.

Chanjo iliyobadilisha mambo ilitengenezwa hapo hapo Muguga, na Walter Plowright na wenzake, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Walichukua kirusi cha sotoka cha Kabete, wakakiotesha kwenye seli za figo za ndama, wakakihamisha kutoka chupa hadi chupa takriban mara 90 mpaka kikapoteza ukali. Sindano moja, kinga ya maisha. Serengeti peke yake inatosha kuwa ushahidi: ng'ombe wa pembezoni walipochanjwa, ugonjwa ukakatika kwa nyumbu pia, na idadi yao ikapanda kutoka kama 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960 hadi zaidi ya milioni moja kufikia mwisho wa miaka ya 1970.

Sasa, kama chanjo ya Plowright ilikuwa nzuri hivyo, nani alihitaji ya pili?

Jibu liko kwenye damu. Ng'ombe aliyechanjwa kwa chanjo ya Plowright, na ng'ombe aliyeugua sotoka akapona, ukiwapima kingamwili, yaani protini ambazo mwili hutengeneza kupigana na kirusi, huwezi kuwatofautisha. Kwa mfugaji hilo halina uzito, mradi ng'ombe yuko hai. Kwa anayetaka kuufuta ugonjwa kabisa ndilo tatizo lenyewe. Unachukua damu ya ng'ombe mia mpakani, nusu wana kingamwili, na hujui kama umeona kazi ya sindano yako au umeona kirusi kinachopita kimyakimya. Na kilikuwa kinapita. Upande wa Wasomali wa Kenya na Somalia kulikuwa na aina ya sotoka iliyokuwa pole mno kwa ng'ombe, homa kidogo, machozi kidogo, ndama anapona hata mwenyewe hajashtuka. Kirusi hicho hicho kikiingia kwa nyati au tandala kinaua. Mwaka 1994 nyati walikufa Tsavo, na hapo ndipo watu walipojua kwamba hakijaondoka. Mapema mwaka 1997 kikavuka mpaka kikaingia kwetu, kwenye ng'ombe wa kaskazini, na ikabidi uchanjaji wa dharura urudi. Kila dozi iliyochomwa ilikuwa inazuia ugonjwa na papo hapo inafuta alama za nyayo zake.

Chanjo ya KS-1 ingekata fundo hilo. Kirusi cha sotoka kina jeni sita. Mbili kati ya hizo hutoa protini zinazokaa kwenye ganda la nje: moja, inayoitwa H, ndiyo inayoshika seli, nyingine, F, ndiyo inayofungua njia ili kirusi kiingie. Ndani kabisa kuna protini ya N, inayofunika RNA, yaani maelekezo ya urithi ya kirusi, na mnyama akiugua kweli mwili wake hutengeneza kingamwili nyingi dhidi ya N. Kirusi cha KS-1 kilibebeshwa F peke yake, na baadaye kikatengenezwa kingine chenye H. Hakuna N humo. Kwa hiyo ukipima damu ukakuta kingamwili za N, hizo hazikutoka kwenye sindano. Ni ugonjwa. Unaweza kuchanja mpaka mwisho wa dunia na bado ukaona.

Namna walivyoipachika jeni hiyo inastahili kuelezwa taratibu, kwa sababu hapa ndipo watu wengi huingiwa na hofu.

Virusi vya ndui ni vikubwa kwa kipimo cha virusi. Maelekezo yote ya KS-1 yameandikwa kwa herufi za DNA zipatazo 150,000, wakati cha sotoka hakifiki 16,000, tena si DNA ni RNA. Katika urefu wote huo kuna sehemu ambazo kirusi kinaweza kuishi bila hizo. Mojawapo ni jeni ya kimeng'enya kiitwacho thaimidini kinesi. Ukiivunja, kirusi bado kinaota kwenye seli za maabara, ila ndani ya mnyama kinapungua makali. Kwa hiyo wakachagua kuipachika jeni ya sotoka hapo hapo. Kwanza waliinakili kutoka RNA kuwa DNA, kisha wakaizungushia vipande vya jeni ya thaimidini kinesi kulia na kushoto, wakaitangulizia swichi ya virusi vya ndui, maana virusi hivi husoma jeni kwa mitambo yao wenyewe na swichi ya kigeni hawaitambui. Seli za korodani za mwanakondoo zikaambukizwa KS-1, na kipande kile kikaingizwa kwenye seli zile zile. Kirusi kinapojinakili, mara chache sana ncha zinazofanana hukutana na kubadilishana, na jeni ngeni inabaki ndani. Kazi yenyewe ya jasho ni kuvitafuta hivyo vichache katikati ya maelfu na kuvisafisha mpaka ubaki na ukoo mmoja.

Ndani ya ng'ombe, kirusi kinaingia kwenye seli na kufanya kazi yake yote kwenye saitoplazimu, ule ujiuji wa seli unaozunguka kiini. Hakiingii kwenye kiini. DNA ya ng'ombe haiguswi, maziwa hayabadiliki, ndama hazaliwi na kitu kipya. Kwa siku kadhaa seli zile zinatengeneza protini za ndui pamoja na protini moja ya sotoka, mwili unazitambua zote kuwa adui, kisha unakifuta kirusi. Kumbukumbu inabaki.

Niliwahi kuyaeleza haya bomani, Longido, asubuhi ambayo tulikuwa tunachanja mbuzi. Tulianza jua likiwa bado halijachomoza vizuri, kwa sababu chanjo ya sotoka ya mbuzi, ugonjwa ulio ndugu wa sotoka ya ng'ombe, ukishaichanganya na maji yake, saa zinakimbia, na kasha la barafu kwenye joto la kule halina subira. Vijana walikuwa wamebana mbuzi kwenye kona ya zizi, mmoja anashika masikio, mwingine anapiga chaki mgongoni aliyekwishachomwa. Mzee mwenye boma alikuwa amesimama na fimbo yake, anahesabu kwa macho.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Leo umetuletea ipi?"

"Ya sotoka ya mbuzi."

"Na ya ndui?"

"Ya ndui leo sina."

Akanyamaza kidogo. Nilimjua vya kutosha kuelewa kwamba hakupendezwa. Ndui ameiona: upele unaonekana kwenye midomo na chini ya mkia, mwanambuzi anashindwa kunyonya, ngozi haiuziki. Sotoka ya mbuzi anaweza kuidhania mapafu, au kuhara kwa mvua za kwanza, au majani mabaya. Kwa ndui angeleta mbuzi wote hata wa mwanawe aliyeko ng'ambo ya mlima. Kwa sotoka alileta wale waliokuwa karibu.

Ndipo nikamwambia kwamba kuna watu walioweka sotoka ndani ya ndui, ikawa sindano moja. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mmempakia punda mzigo wa jirani," akasema.

"Ndivyo, mzee. Kipande kimoja tu cha mzigo."

"Na hicho kipande hakiwezi kujitafutia vyenzake kikarudi kuwa ugonjwa mzima?"

Nimekaa kwenye semina nyingi za wataalamu na sijasikia swali zuri zaidi ya hilo. Jibu lake ni hapana, na sababu inaelezeka: jeni tano nyingine hazimo. Bila hizo hakuna cha kufunika RNA, hakuna cha kuinakili, hakuna cha kuunda kirusi kipya cha sotoka. Chanjo ya zamani ni kirusi kizima cha sotoka kilichodhoofishwa. Hii haina sotoka hai ndani yake. Mzee aliinamisha kichwa, akageuka kuwahimiza vijana, na mbuzi waliobaki nyuma ya nyumba ya mke mdogo wakaletwa nao.

Matokeo ya Muguga nayasema bila kuyapamba. Ng'ombe waliochanjwa hawakupata madhara, na kirusi cha chanjo hakikuwaambukiza wenzao waliokuwa nao zizini. Baada ya miaka miwili, walipopewa sotoka kali yenye kuua, karibu nusu yao walikuwa wamekingwa kikamilifu. Baada ya miaka mitatu ilikuwa kama asilimia 30. Kwa mapele ngozi, wanne kati ya wanne walikingwa mwaka wa pili, na wawili kati ya watano mwaka wa tatu. Chanjo iliyokaushwa ilikaa mwaka mzima kwenye nyuzi joto 4 bila kupoteza nguvu. Ukiilinganisha na kinga ya maisha ya Plowright, ni kidogo. Hilo lazima lisemwe, na wanaoutukuza uhandisi wa jeni mara nyingi hulipita haraka.

Pirbright hawakuwa peke yao. Tilahun Yilma, daktari wa mifugo kutoka Ethiopia aliyekuwa Chuo Kikuu cha California, Davis, alitangulia: mwaka 1988 yeye na wenzake walionyesha kwamba kirusi cha vaksinia, kile kilichotumika kuwachanja binadamu dhidi ya ndui, kikibebeshwa jeni za F na H za sotoka kinawakinga ng'ombe. Vaksinia ndiyo iliyofungua mlango huu wote tangu mwaka 1982, Wamarekani walipoonyesha kwamba inaweza kupokea jeni ngeni. Ulaya waliitumia kubeba jeni ya kichaa cha mbwa, wakaificha kwenye chambo na kuitawanya porini ili mbweha waile wenyewe. Ubelgiji walianza majaribio ya porini mwaka 1987 na kufikia mwaka 2001 nchi ikatangazwa huru. Mafanikio hayo ni makubwa na nayaheshimu. Ila vaksinia inaambukiza binadamu, na miaka ya 1990 hapa kwetu UKIMWI ulikuwa umeingia kila kijiji. Mama anayekamua ng'ombe aliyechanjwa jana, kinga yake ikiwa imeshuka, hukuwa na haki ya kumweka kwenye hatari hiyo. Virusi vya jamii ya KS-1 haviambukizi watu. Kwa mazingira yetu, mbebaji aliyetoka kwa kondoo alikuwa chaguo la busara zaidi.

Kwa nini basi haikutumika? Kwa sababu sotoka ilikwisha kabla yake, na iliisha kwa chanjo ile ile ya Plowright. Watu waliofanya hilo wanastahili kutajwa: Jeffrey Mariner na wenzake walioikausha chanjo kwa namna mpya mpaka ikavumilia joto bila barafu kwa wiki kadhaa, na wafugaji wenyewe wa Karamoja (Uganda), Afar (Ethiopia) na Sudan Kusini waliofundishwa kuchanja na kuibeba kwa miguu mahali ambapo gari la serikali halifiki. Tatizo la damu likatatuliwa kwa njia ngumu: acha kuchanja, subiri kizazi kipya cha ndama wasio na kingamwili, pima, tembea, uliza. Mgonjwa wa mwisho alikuwa nyati wa Hifadhi ya Meru, Kenya, mwaka 2001. Mwaka 2011 dunia ikatangaza kwamba sotoka haipo tena. Miaka kumi ya kutafuta kivuli. Naamini chanjo yenye alama, kama ile ya KS-1 inayomtofautisha aliyechanjwa na aliyeugua, ingeifupisha, lakini haikuwa tayari wakati huo na hakuna wa kulaumiwa.

Leo hali ni nyingine. Ndugu yake sotoka, sotoka ya mbuzi na kondoo, iliripotiwa Turkana mwaka 2006, na kufikia mwaka 2008 ilikuwa imethibitishwa kwetu, upande wa Ngorongoro. Mwaka 2015, Abidjan, mashirika ya kimataifa ya chakula na afya ya mifugo yalizindua mpango wa kuifuta duniani ifikapo mwaka 2030. Silaha kuu ni chanjo hai ya aina ya Nigeria 75/1. Ni chanjo nzuri mno, sindano moja inamkinga mbuzi kwa maisha yake. Ina kasoro ile ile ya chanjo ya Plowright: damu ya aliyechanjwa na ya aliyeugua ni moja. Tunarudia njia tuliyokwishaipita, tukijua shimo liko wapi.

Na mbebaji yupo. Tangu mwaka 2003 kundi la watafiti wa Ufaransa, Uingereza na Ethiopia lilionyesha kwamba KS-1 ikibebeshwa jeni ya F ya sotoka ya mbuzi, inawakinga mbuzi dhidi ya sotoka hiyo na dhidi ya ndui pamoja. Mwaka 2010 watafiti wa Kenya na Marekani wakaibebesha KS-1 jeni za Homa ya Bonde la Ufa, ikawakinga kondoo. Kwa homa hiyo kuna njia nyingine pia iliyosogea mbali zaidi: George Warimwe wa Kilifi na wenzake wametumia kirusi cha sokwe kisichoweza kuzaliana, wakakibebesha protini za homa hiyo, na mwaka 2016 wakaonyesha kwamba dozi moja inawakinga kondoo, mbuzi na ng'ombe. Ukijua kwamba chanjo ya zamani ya homa hiyo, iitwayo Smithburn, inaweza kumfanya kondoo atupe mimba, utaelewa kwa nini mfugaji aliyepata hasara homa hiyo ilipolipuka mwaka 2007 angeipokea hiyo mpya kwa mikono miwili.

Kwa upande wa KS-1, kuna kikwazo kimoja ambacho ndicho ningependa fedha na vichwa viwekwe hapo. Mbuzi aliyewahi kuugua ndui ana kinga dhidi ya mbebaji mwenyewe. Ukimchoma, mwili wake unamkimbilia mbebaji na kummaliza kabla hajatengeneza protini ya sotoka ya kutosha. Majaribio ya maabara yaliyochapishwa mwaka 2014 yalithibitisha kwamba kinga ya awali inapunguza nguvu ya chanjo. Kwenye kundi la mbuzi wa Ulaya, ambako sehemu nyingi hazina ndui, hilo ni jambo la pembeni. Kwetu ndui ipo kila mahali, hivyo ndilo jambo lenyewe. Wanyama wa namna hiyo walikingwa sotoka ya mbuzi kwa sehemu tu. Pengine wanambuzi wanachanjwa kabla hawajakutana na ndui. Pengine dozi inaongezwa. Haya hayajibiwi kwenye chumba safi cha maabara, Montpellier ya Ufaransa au Pirbright.

Yanajibiwa na kundi la mbuzi halisi, wa boma halisi, waliopimwa damu ya ndui kwanza, wengine walioiugua na wengine ambao hawajaiugua, wakichanjwa pamoja na kufuatiliwa misimu miwili ya mvua, kwa kibali na uangalizi ambao sheria zetu za usalama wa viumbe waliobadilishwa jeni tayari zinautaka. Kenya ina sheria hiyo tangu mwaka 2009. Muguga wana kumbukumbu ya namna ya kuifanya kazi hii, walikwishaifanya kwa ng'ombe. Mbuzi wa kupima wapo Longido, Simanjiro, Kajiado, Turkana. Na wenye mbuzi, wakielezwa kwa lugha wanayoielewa na kuachiwa waulize mpaka waridhike, watawaleta.